Somo la Mwezi: Ulevi ni Kama Mbung'o, Haufukuzwi na Mtu Mmoja



Mara nyingi katika ukurasa huu twazungumza habari za mbegu, matuta, na wadudu wa maembe. Mwezi huu somo letu si la mmea wala la mnyama. Ni somo la ulevi wa pombe na madawa ya kulevya. Labda mtu atauliza, "Jambo hili lahusu nini ofisi ya kilimo?" Jibu ni fupi. Jembe halijilimii. Hulimisha mtu aliyelishika, na mtu huyo akiharibika, hakuna mbegu bora wala mbolea itakayoliponya shamba lake.

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika majina ya wakulima na kutunza daftari za mbegu. Mwaka mmoja, kabla ya mvua za Novemba, mama mmoja mzee alikuja ofisini na kitambulisho cha mwanawe. Akaniomba niandike mbegu za ndengu kwa jina lake yeye, kwa kuwa mlimaji wa shamba lile ni yeye. Nikamjibu kwa upole ya kuwa shamba limeandikwa jina la mwanawe, na kanuni ni kanuni. Kesho yake kijana akaja mwenyewe, akatia sahihi, akapewa mfuko. Jioni ile ile mfuko ulikuwa nyumbani kwa muuza changaa, umebadilishwa kwa vinywaji vya siku tatu. Mwaka ule mvua ilinyesha vizuri, na jirani zake walivuna. Shamba la mama yule liliota magugu.

Sikuvunja kanuni yo yote, lakini kila nikiifungua daftari ile naiona sahihi ya kijana na najua ya kuwa mkono wangu ulikuwamo. Mama yule alikuwa amekuja kuomba msaada, nami nikampa kanuni. Somo hili naliandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila nyumba inayojua jambo ninalolisema.

1. FUNDISHO LA MBUNG'O

Wakulima wa Makueni wazijua habari za mwanzo wa makao yao. Katika miaka ya 1940 sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa kichaka cha miiba chenye mbung'o wengi, na ng'ombe hawakuweza kuishi humo. Vifaru nao walikuwa wengi mno. Kati ya mwaka wa 1944 na mwaka wa 1946 mwindaji aliyetumwa na Serikali ya wakati ule, J. A. Hunter, aliwaua karibu 1,000 ili watu wapate kuingia. Kisha kichaka kikafyekwa, na mwishoni mwa miaka ya 1940 jamaa za kwanza zikaanza kupewa mashamba.

Kazi ile ya kufyeka ilikuwa na kanuni moja. Mbung'o hupenda kivuli cha kichaka, naye huruka kutoka kichaka hata kichaka. Ukifyeka eka zako tano lakini jirani yako akaacha kichaka chake, mbung'o watakuja kwako kila siku kuuma ng'ombe wako, kisha watarudi kivulini kupumzika. Kwa hiyo watu walifyeka pamoja, upande kwa upande, hata mbung'o wakakosa pa kukaa.

Ulevi nao ni vivyo hivyo. Baba aweza kuwa mtu mwema asiyekunywa hata tone. Lakini ikiwa hatua mia mbili kutoka mlangoni pake changaa yauzwa mchana, naye mwenye duka huwauzia watoto sigara moja moja, tena kijana mmoja wa jirani huleta bangi kwenye uwanja wa mpira, wema wa baba huyo pekee hautatosha kuwalinda watoto wake. Ndiyo maana twasema ya kuwa kazi hii si ya mtu mmoja. Ni kazi ya kijiji kizima, na sisi watu wa Ukambani tuna jina la kazi ya namna hiyo, yaani mwethya.

2. NYUA TATU ZA WAZEE

Wengine husema, "Wakamba wamekunywa uki tangu zamani, mbona leo mwatukataza?" Na tutazame vema jinsi wazee walivyokunywa.

Uki wa asali au wa miwa ulichachushwa kwa tunda lililokaushwa la mti wa mvungunya. Kileo hicho kilizungukwa na nyua tatu. Ua wa kwanza ulikuwa umri. Uki ulikuwa kinywaji cha wazee, na kijana hakuketi kitako penye kibuyu cha wazee. Ua wa pili ulikuwa wakati. Uki ulinywewa kwa shughuli, kama vile mambo ya mahari, shauri la ukoo, au sadaka, na shughuli ikiisha watu walitawanyika. Ua wa tatu ulikuwa taabu ya kuupata. Asali ilitoka katika mizinga michache, miwa ilipondwa kwa mkono, na pombe ilikaa siku kadhaa kabla ya kuiva. Mtu hakuweza kulewa kila siku hata kama angetaka.

Hatusemi ya kuwa zamani hapakuwa na walevi. Walikuwapo, na hadithi zao zipo. Lakini nyua zile zilizuia watu wengi wasipotee. Leo zote tatu zimeanguka. Umri hauulizwi, maana muuzaji hutazama fedha tu. Wakati hauangaliwi, kwa kuwa kuna nyumba zinazouza tangu alfajiri. Taabu nayo imekwisha. Sukari yauzwa dukani, na kileo kikali chapatikana kwa bei ya chini kuliko kilo ya unga. Basi asemaye ya kuwa anafuata desturi ya wazee kwa kunywa changaa saa mbili asubuhi, huyo hafuati desturi, bali ameivunja.

3. VITU VINAVYOTUHARIBU

Katika mwaka wa 2022 NACADA, halmashauri ya taifa inayopigana na ulevi na madawa ya kulevya, ilitoa hesabu yake. Iliona ya kuwa katika Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja katika kila 6 alikuwa akitumia kileo au dawa ya kulevya ya namna fulani. Mmoja katika kila 8 alikuwa akinywa pombe, na mmoja katika kila 53 alikuwa akivuta bangi. Tutazame vitu hivi kimoja kimoja.

Changaa. Hii ni pombe iliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa. Bia ya chupa ina kileo cha asilimia 4 au 5 tu. Changaa yaweza kuwa na kileo mara nyingi zaidi ya hicho, na hakuna mnywaji ajuaye kiasi kilichomo, kwa sababu haikupimwa na mtu. Humwumiza mtu ini, moyo, na akili, na mama mwenye mimba akinywa pombe ya aina yo yote humdhuru mtoto aliye tumboni.

Spiriti ya viwandani. Hapa naomba msome polepole. Wako wauzaji wanaotia methanoli, yaani spiriti ya kazi za viwandani, katika vinywaji ili viwe vikali upesi. Methanoli haijulikani kwa kuonja wala kwa kunusa, maana hufanana na kileo cha kawaida. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa sumu ya asidi, na asidi hiyo huunguza mishipa ya macho. Mililita 10 zaweza kumpofusha mtu. Mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, zaweza kumwua.

Mambo haya si ya kusikia kwa mbali. Mnamo Novemba mwaka wa 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa kinywaji cha namna hii. Mnamo Juni mwaka wa 2005 watu zaidi ya 40 walikufa katika nchi ya Machakos, jirani zetu wa karibu. Mnamo Mei mwaka wa 2014 zaidi ya watu 60 walikufa katika kaunti kadhaa, na Kitui na Makueni zilikuwamo. Na mnamo Februari mwaka wa 2024 msiba kama huo uliwapata watu wa Kirinyaga.

Zijueni dalili zake. Mara nyingi sumu hii haionekani mara moja. Mtu hulala akidhani amelewa tu, kisha baada ya saa 12 hata 24 huumwa na kichwa na tumbo, hutapika, huvuta pumzi kwa shida, na macho yake huona ukungu mweupe. Mtu wa namna hiyo asiachwe "alale pombe imtoke". Apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, na chupa au mtungi wa kinywaji upelekwe pamoja naye. Huko ziko dawa za kuizuia sumu na mashine za kuisafisha damu. Tena wale waliokunywa pamoja naye watafutwe wote, hata wasioumwa bado.

Miraa na muguka. Majani haya huondoa usingizi na njaa. Kijana akitafuna usiku kucha, asubuhi hana nguvu za kulima, wala hataki chakula. Wengine huongeza pombe ili wapate usingizi, na hapo hufungwa kamba mbili.

Bangi. Bangi yakatazwa kabisa na sheria ya mwaka wa 1994 ya madawa ya kulevya. Huharibu kumbukumbu na bidii ya masomo, na kwa vijana wengine huamsha ugonjwa wa akili. Mkulima asikubali mche hata mmoja upandwe katikati ya mahindi yake. Ukionekana, mwenye shamba ndiye atakayeulizwa kwanza.

4. HESABU YA NYUMBANI

Nilipokuwa nikisomea ualimu tulifundishwa ya kuwa jambo lisiloingia kwa maneno huingia kwa hesabu. Chukueni kalamu.

Tuseme mkulima mmoja anatumia shilingi 100 kwa siku katika kileo, siku sita kwa juma, naye siku ya saba hupumzika. Kwa juma moja ni shilingi 600. Kwa mwaka wa majuma 52 ni shilingi 31,200.

Sasa tuseme kilo ya ndengu yauzwa shilingi 100. Gunia la kilo 90 ni shilingi 9,000. Basi mkulima huyo amekunywa magunia matatu na karibu nusu ya ndengu. Jiulize, shamba lako lilitoa magunia mangapi mwaka wa jana? Katika nyumba nyingi mtu atakuta ya kuwa amekunywa mavuno yote ya eka nzima, kuanzia kulima, kupalilia, na kupura, hata jasho la mkewe na watoto.

Tena hesabu hiyo ni ya fedha peke yake. Haikutia siku zilizopotea. Katika nchi yetu mvua ni chache, na mbegu yataka kuwamo ardhini mapema, kabla ya mvua au pamoja na mvua ya kwanza. Aliyelala kwa ulevi siku nne za mwanzo wa Novemba hakupoteza siku nne. Huenda amepoteza mavuno ya mwaka.

5. MAJIRA YA HATARI

Kila mkulima anajua miezi ya viwavi na miezi ya ukungu, naye huwa tayari kwa dawa kabla mdudu hajaja. Ulevi nao una majira yake.

Majira ya kwanza ni wakati wa fedha. Maembe huuzwa tangu mwisho wa mwaka hata Machi, na ndengu na kunde za mvua za Novemba huvunwa Januari na Februari. Fedha zikiingia kwa mkupuo mmoja, wauza changaa hupika zaidi. Shauri letu ni hili: bwana na bibi waketi kabla ya kuuza, waandike matumizi katika karatasi, yaani karo, mbegu, deni, chakula, na akiba. Mnunuzi alipe kwa simu au benki, si kwa noti mkononi njiani, wala mtu asiende sokoni kupokea fedha peke yake.

Majira ya pili ni wakati wa kukosa kazi, yaani Julai hata Septemba, shamba likiwa kavu. Vijana hukaa njia panda. Lakini miezi hiyo ndiyo ya kuchimba matuta ya fanya juu, kutengeneza mabwawa, na kuchimba mashimo ya kupandia maembe. Kichwa chenye kazi hakitafuti njia panda.

Tena kuna vijana wanaopakia mchanga katika malori kando ya mito yetu. Wao hulipwa fedha taslimu kila siku, na kileo hungoja hapo hapo penye malipo. Wazazi wasifurahi tu kwamba kijana ameacha kuomba fedha nyumbani. Waulize fedha zake zaenda wapi.

6. KAZI YA MWETHYA

Katika miaka ya 1950 mwethya ndio uliochimba matuta katika milima ya Ukambani, na wengi wa wachimbaji walikuwa akina mama. Mtu mmoja asingaliweza. Sasa tuutumie mwethya huo huo kwa kazi hii. Njia yake ni hii.

Kwanza, kijiji kiketi. Mikutano ianze na nyumba kumi au kumi na tano, si na baraza kubwa. Penye watu wengi kila mtu huhutubu, lakini penye watu wachache mtu husema kweli. Wawepo akina mama, vijana, na wazee wa ukoo. Wasitaje majina ya walevi kwa kuwaaibisha. Waulize maswali matatu tu: Kileo chauzwa wapi? Chauzwa saa ngapi? Chawafikiaje watoto?

Pili, mbai, yaani koo, zisaidie. Kwetu neno la ukoo lina uzito kuliko la mgeni. Penye mzee wa ukoo, baba hawezi kuuza ng'ombe wa mwisho kwa siri, wala kuuza kipande cha shamba la makao bila mkewe na watoto kujua. Sheria ya ardhi nayo yataka kibali cha mume au mke na cha halmashauri ya ardhi kabla ya kuuza shamba la kilimo. Mke asiogope kusema mbele ya halmashauri hiyo.

Tatu, kazi isilipwe kwa pombe. Mahali pengi ilikuwa desturi kuwalipa waliokuja kulima kwa mtungi wa pombe. Desturi hii tuiache. Walipwe kwa chakula, kwa uji, kwa mbegu, au kwa kazi ya zamu.

Nne, anayepika apatiwe njia nyingine. Neno hili ni gumu, na wengi hulikwepa. Wengi wanaopika changaa ni akina mama wajane au walioachwa, wanaotafuta karo ya watoto. Ukivunja mtungi wake bila kumpa njia, atapika tena Ijumaa, maana watoto wake watakula nini? Basi kikundi kimwingize katika akiba. Watu 10 wakitoa shilingi 50 kila juma, kwa mwaka wana shilingi 26,000 za kukopeshana. Mkopo wa kwanza apewe yule anayetaka kuacha kupika. Aweza kuanza na kuku, kusuka vyondo, kuuza mboga za kunde, au kufuga nyuki. Asali iliyokuwa ikichachushwa yaweza kukamuliwa safi na kuuzwa kwa bei njema.

Tano, watoto wapewe ulinzi na mchezo. Katika nchi ya Iceland, huko Ulaya ya kaskazini, mwaka wa 1998 vijana 42 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Wazazi wa nchi ile walishirikiana. Walipatana saa ya watoto kurudi nyumbani, wakazunguka mitaani jioni kwa zamu, na michezo na muziki vikaongezwa. Hata mwaka wa 2016 idadi hiyo ilikuwa imeshuka kuwa 5 katika kila 100. Nchi ile ni tajiri kuliko yetu, lakini kutembea jioni kwa zamu hakuhitaji utajiri, wala kumjua mtoto wa jirani kwa jina. Nasi tuna mpira, kwaya, ngoma zetu, na vikundi vya vijana wakulima.

7. SHERIA NA HAKI ZENU

Watu wengi hudhani ya kuwa baa ikipata leseni, wenyeji hawana neno tena. Sivyo. Sheria ya mwaka wa 2010 ya vileo ilikataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18, ikakataza pombe ya mifuko midogo ya plastiki, na ikataka mahali pa kuuzia pawe mbali na shule, si chini ya mita 300. Iliweka saa za baa kuwa jioni, kuanzia saa 11 hata saa 5 usiku siku za kazi. Tena iliifuta sheria ya mwaka wa 1980 iliyoipiga changaa marufuku. Kwa ajili hiyo wengine husema changaa imeruhusiwa. Wanajidanganya. Kinywaji kilichopikwa bila leseni, bila kupimwa, na kuuzwa kwa kikombe, ni kosa kama zamani.

Chini ya Katiba ya 2010 kazi ya kutoa leseni za vileo imepewa serikali za kaunti, nazo zina sheria zao. Mtu akiomba leseni, wenyeji waweza kupinga. Basi pingeni kwa maandishi, si kwa manung'uniko. Andikeni barua fupi: jina la mahali, umbali wake na shule, sababu zenu, na sahihi za watu wa kijiji. Mpelekeeni anayehusika, nanyi mbaki na nakala. Watu wa Makueni wanazo tena njia za mikutano ya wananchi, ambayo huanza kijijini na kupanda hata kaunti. Nendeni katika mikutano hiyo mlitaje jambo hili, kama mnavyotaja maji na barabara.

Jirani zetu nao wamechukua hatua. Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia Machi mwaka wa 2017, na Uganda ikaikataza pombe ya mifuko midogo mwaka wa 2019.

Lakini naonya: msichome nyumba ya mtu, wala msimpige muuzaji. Kuchukua sheria mkononi ni kosa, na huleta kisasi kati ya koo. Mpasheni habari naibu wa chifu, chifu, au polisi. Mkiona habari zenu hazifanyiwi kazi, msikate tamaa. Nendeni ofisi iliyo juu yake, mkiwa wengi na mkiwa na nakala ya barua yenu.

8. MTU ALIYEKWISHA KUSHIKWA

Ulevi wa kila siku ni ugonjwa, nao una matibabu. Yatupasa kujua mambo manne.

(a) Usibishane na mtu akiwa amelewa. Ngoja asubuhi, useme naye faraghani, umwambie jambo ulilolishuhudia, si matusi.

(b) Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi asiachishwe pombe kwa ghafula kwa kufungiwa nyumbani. Mwili wake umezoea. Aweza kutetemeka, kuona mambo yasiyokuwapo, kupatwa na kifafa, hata kufa. Apelekwe kwanza zahanati au hospitali, ili aachishwe na waganga kwa utaratibu.

(c) NACADA wana simu isiyolipiwa ya kuomba shauri, namba 1192. Mwenye shida aweza kupiga mwenyewe, au mkewe, au jirani.

(d) Akirudi nyumbani, asirudishwe katika upweke. Mpeni kazi katika mwethya, na mtu wa kutembea naye jioni, kwa maana jioni ndiyo saa ngumu. Akianguka tena msimcheke. Mche uliokatika hupandwa mwingine mahali pale pale.

9. MWISHO WA HABARI YA MAMA YULE

Baada ya mwaka ule wa magugu, jirani za mama yule waliketi. Mzee wa ukoo alimwita kijana, na naibu wa chifu alikuwapo. Wakapatana ya kuwa mbegu zitachukuliwa na watu wawili, kijana na mama yake, mbele ya mwenyekiti wa kikundi, na mfuko utafunguliwa shambani tu. Nilipoona karatasi yao yenye sahihi tatu nilijua ya kuwa ndilo jibu ambalo ningalimpa mama siku ile ya kwanza, kama ningalifikiri kidogo. Kanuni haikuvunjwa; watu ndio walioongezwa.

Kijana alikwenda hospitali, akarudi. Tangu hapo ameanguka mara mbili, na mara mbili kikundi kimemfuata. Sisemi ya kuwa amepona kabisa. Lakini msimu uliopita nilipita pale kwa kazi ya ofisi, nikamkuta anachimba tuta pamoja na wenzake, mama yake amekaa chini ya mwembe akichambua ndengu. Mama akaniangalia, akasema, "Karani, leo umekuja bila kanuni?" Tukacheka wote.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kufyeka kichaka cha mtu mmoja hakukutosha kuwafukuza mbung'o? Jambo hilo lafananaje na ulevi?

2. Zitajeni nyua tatu za wazee. Ni ua upi mwaweza kuusimamisha tena katika kijiji chenu mwaka huu?

3. Fanyeni hesabu ya fedha zinazokwenda katika vileo kwa mwaka mmoja katika nyumba kumi. Fedha hizo zingenunua nini?

4. Dalili za sumu ya methanoli ni zipi, na mtamfanyia nini mtu mwenye dalili hizo?

5. Ni nani kijijini apikaye changaa kwa kukosa njia nyingine? Msimtaje kwa sauti. Ulizaneni tu: kikundi chetu chaweza kumfungulia mlango gani?

Mwenye kujua kusoma awasomee wasiojua. Na kabla ya mvua za Novemba, kila kikundi kikubaliane neno moja tu la kulitenda. Neno moja lililotendwa lashinda maazimio kumi yaliyoandikwa daftarini.